Njia ya Cheche: Kuchagua na Kufunga Nyaya za Plagi katika Lori la Zamani

Katika Nandagala, kata iliyomo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, mavuno ya korosho hukutana na mvua. Korosho huanza kuokotwa wakati wa kiangazi, na mara nyingi magunia huwa bado hayajamalizika kusafirishwa pale mawingu ya Novemba na Desemba yanapoanza kukusanyika. Korosho iliyolowa hupoteza ubora, na ubora ukipotea bei nayo hushuka. Kwa sababu hiyo, lori linalogoma kuwaka alfajiri moja ya msimu huo si udhia wa dereva peke yake. Ni hasara ya kila mkulima ambaye magunia yake yamekwisha kupangwa kando ya barabara.

Na uchukuliwe mfano wa lori la petroli la miaka ya 1970. Jioni liliingia kijijini likinguruma vizuri. Usiku umande ukaanguka. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, injini inageuka, lakini haiwaki. Betri ni nzima na petroli imo tangini. Utingo na vijana wanalisukuma hata linawaka, ila injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Jua likipanda mtetemeko unapungua, na dereva anapata matumaini; lakini kilima cha kwanza kinapoanza, lori lililosheheni magunia linaishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi. Mafundi husema gari “linamisi”, yaani silinda moja au zaidi haichomi petroli yake.

Hapo hukumu hutolewa upesi kwamba injini imechoka. Injini inafunguliwa, ringi mpya zinanunuliwa, na fedha za msimu mzima zinaishia humo. Kumbe kilichochoka ni waya wenye urefu usiozidi mkono wa mtu. Makala haya yanaeleza kazi ya waya huo, namna ya kuuchagua, na namna ya kuufunga.

NCHI ILIYOZOEA INJINI

Kabla Ruangwa haijawa wilaya mwaka 1995, eneo hilo lilihesabiwa katika Nachingwea. Jina la Nachingwea limo katika historia ya mitambo ya Afrika Mashariki. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta na magari yaliletwa kwa wingi, na mengi yalikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1951. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa kuharibika kwa mashine pasipo mafundi wala vipuri vya kutosha. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa na kung’olewa katika miaka ya 1960. Tangu hapo mazao ya eneo hilo yametegemea barabara na malori.

Siku hizi malori mengi ni ya dizeli. Injini ya dizeli haihitaji cheche, kwa maana hewa hushindiliwa ndani yake hata ikapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Hata hivyo injini za petroli hazijatoweka. Zimo katika malori machache ya zamani, katika Land Rover na Land Cruiser kuukuu, na katika pampu za maji, jenereta ndogo na pikipiki. Kila moja kati ya hizo ina plagi, na kanuni inayotawala cheche ni ile ile.

KUTOKA VOLTI 12 HADI VOLTI 20,000

Betri ya gari hutoa volti 12, nazo haziwezi kuruka hata upenyo mwembamba wa plagi. Hewa ya kawaida ni kihami kizuri. Ili umeme uipasue na kuruka milimita moja tu, zinahitajika volti zipatazo 3,000. Hapana budi basi volti za betri ziongezwe mara nyingi sana, na kazi hiyo hufanywa na koili.

Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma: wa kwanza ni mnene wenye mizunguko michache, na wa pili ni mwembamba wenye mizunguko mingi mno. Mkondo wa betri hupita katika waya wa kwanza na kujenga uga wa sumaku. Pointi zilizomo katika distributa zinapofunguka, mkondo hukatika ghafla na uga huo huporomoka. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kanuni ya Faraday: uga wa sumaku unapobadilika kwa haraka, huzalisha msukumo wa umeme katika waya ulio karibu nao. Katika waya wa pili msukumo huo huweza kufika volti 20,000. Mfumo wa namna hii ulitengenezwa na Charles Kettering wa Marekani, nao ukatiwa katika magari ya Cadillac mwaka 1910. Malori ya petroli yaliyotengenezwa miaka sitini baadaye yalikuwa bado yakiutumia.

Umeme huo mkali hutoka katika koili kwa waya mkuu, ukaingia katikati ya kifuniko cha distributa. Humo rota inayozunguka huugawa kwa kila plagi kwa zamu yake. Kazi hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika injini ya silinda 6 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji cheche moja kwa kila mizunguko 2. Hizo ni cheche 1,500 kwa dakika katika kila waya wa plagi, na cheche 9,000 katika waya mkuu, yaani 150 kwa kila sekunde. Ndiyo maana waya mkuu usisahauliwe pale nyaya za plagi zinapobadilishwa.

KAZI HALISI YA WAYA

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya waya wa plagi ni kupitisha umeme. Hiyo ni nusu ya ukweli, tena ni nusu iliyo ndogo. Mkondo wa cheche ni mdogo mno, na hata uzi mwembamba huweza kuupitisha. Kazi ngumu ni kuuzuia umeme wa volti 20,000 usitoke njiani. Sehemu muhimu ya waya huu, kwa hiyo, ni ganda lake kuliko moyo wake.

Umeme hufuata njia iliyo rahisi kuliko zote. Ukipewa njia mbili, moja kupitia upenyo wa plagi na nyingine kupitia ufa wa ganda kuelekea kwenye chuma cha injini, utachagua ile inayohitaji volti chache. Hapa ndipo kilima kinapoeleweka. Kadiri shinikizo la hewa linavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa vigumu kupasuliwa na cheche. Injini inapozunguka pasipo mzigo, mchanganyiko wa petroli na hewa katika silinda huwa haba, na volti chache hutosha. Lori likipanda kilima likiwa limesheheni, dereva hukanyaga mafuta, silinda hujaa, shinikizo hupanda, na plagi hudai volti 10,000 au zaidi. Ufa mdogo uliokuwa hauna madhara penye tambarare sasa huwa ndio njia rahisi. Cheche hutokea nje ya waya badala ya kutokea ndani ya silinda, na petroli isiyochomwa hutoka pamoja na moshi.

Kwa sababu hiyo pia, kuitoa plagi na kuitazama ikitoa cheche juu ya chuma cha injini si uthibitisho kamili. Plagi inayong’aa katika hewa huru huweza kushindwa ndani ya silinda yenye shinikizo.

Umande nao hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Vumbi kavu juu ya waya halina neno, lakini vumbi lililolowa hupitisha umeme. Asubuhi yenye unyevu utando huo mwembamba huufikisha umeme kwenye chuma. Jua likipanda na injini ikipata joto, utando hukauka na lori hupona kana kwamba halikuwahi kuugua. Ugonjwa unaopona wenyewe saa nne asubuhi mara nyingi ni ugonjwa wa nyaya au wa kifuniko cha distributa.

Maadui wa ganda ni joto, mafuta na ozoni. Adui wa tatu huzalishwa na umeme wenyewe, kwani volti nyingi zinapoisumbua hewa inayozunguka waya, sehemu ya oksijeni hugeuka kuwa ozoni. Gesi hiyo hushambulia mpira wa asili na kuupasua. Mpira wa silikoni huustahimili ushambulizi huo, na huvumilia joto vizuri zaidi.

KUCHAGUA: SHABA AU KABONI?

Nyaya za plagi ni za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina moyo wa nyuzi za shaba zilizosokotwa. Aina ya pili ina moyo wa nyuzi zilizolowezwa kaboni. Ipo pia aina ya tatu, yenye waya mwembamba sana wa madini uliozungushwa kama springi; nayo hufanya kazi iliyokaribiana na ile ya kaboni.

Wakazi wa Ruangwa wana haki ya kuitazama aina ya pili kwa jicho la pekee. Wilaya yao ina hifadhi kubwa za kinywe, kama zile za Matambarale, na kinywe ni kaboni. Ni madini hayo hayo yaliyomo katika kalamu ya risasi, ambayo, kinyume cha jina lake, haina risasi hata chembe. Kinywe hupitisha umeme, lakini kwa ukinzani mkubwa kuliko shaba.

Mtu atauliza: kwa nini ukinzani utafutwe, hali cheche inahitaji nguvu? Jibu limo katika historia ya redio. Kati ya mwaka 1886 na 1889 Heinrich Hertz wa Ujerumani alithibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio kwa kutumia cheche za umeme. Kila plagi ni mtambo mdogo wa Hertz. Nyaya za shaba huyaacha mawimbi hayo yaenee, na redio iliyo jirani hukoroma kwa kufuata mwendo wa injini. Ukinzani wa kaboni huyafifisha.

Hasara yake ni ndogo kuliko inavyohofiwa. Tuseme waya una ukinzani wa omu 10,000, na mkondo wa cheche ni ampea 0.03. Kwa kanuni ya Ohm, volti zinazopotea ni 0.03 mara 10,000, yaani 300. Ukilinganisha na volti 10,000, hiyo ni sehemu 3 katika 100. Tena kabla cheche haijaruka karibu hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo volti hufika kwenye plagi karibu zote.

Lori la zamani lichaguliwe waya kwa maswali manne.

Swali la kwanza: kifuniko cha distributa kinaushika waya kwa namna gani? Vifuniko vingine vya zamani, kama baadhi ya vile vya Lucas, vina skrubu zenye ncha zinazouchoma waya ubavuni. Skrubu hizo zilikusudiwa nyuzi za shaba. Zikiuchoma moyo wa kaboni huuharibu, na mgusano huwa mbovu. Kifuniko cha namna hiyo kitiwe waya wa shaba. Kifuniko chenye matundu ya kusukumia waya kutoka juu huweza kupokea aina yoyote.

Swali la pili: je, pointi zimeondolewa na badala yake umefungwa mfumo wa elektroniki? Ikiwa ndivyo, nyaya zenye ukinzani ndizo zinazofaa, maana mawimbi ya shaba huweza kuuvuruga mfumo huo.

Swali la tatu: unene wa waya unalingana na matundu? Nyaya nyingi za zamani zina unene wa milimita 7. Waya wa milimita 8 huweza kukataa kuingia hadi mwisho, na waya mwembamba mno huacha nafasi ya unyevu.

Swali la nne: waya utapita wapi? Kama utapita karibu na mabomba ya moshi, ganda la silikoni litastahili bei yake.

Kuna kosa moja ambalo halina udhuru: kutumia waya wa umeme wa nyumbani. Ganda la waya huo lilitengenezwa kuzuia volti mia chache tu. Ukitiwa volti 20,000, lori huenda likawaka asubuhi hiyo, lakini waya utavujisha cheche juu ya injini yenye mvuke wa petroli. Hapo hatari si kuchelewa kwa korosho tena, bali ni moto.

KUFUNGA KWA UTARATIBU

Injini izimwe na kuachwa ipoe, na waya wa betri uondolewe. Nyaya zitolewe moja moja: wa kwanza utolewe, mpya wenye urefu ule ule utiwe mahali pake, kisha uendewe wa pili. Fundi anayefuata desturi hii hawezi kupoteza mpangilio. Wakati wa kutoa, ishikwe kofia ya mpira na kuzungushwa kidogo; waya wenyewe usivutwe, kwani moyo wa kaboni hukatika ndani bila dalili yoyote nje.

Matundu ya kifuniko yasafishwe kutu na unga mweupe. Waya usukumwe hadi uguse chini. Ukiacha upenyo, cheche itaruka humo pia na kuunguza tundu kidogo kidogo. Ndani ya kifuniko pakaguliwe kama pana mistari myeusi mithili ya mizizi. Hiyo ni njia ya kaboni iliyochorwa na umeme, na kifuniko chenye njia hiyo hakifai tena. Kila plagi iangaliwe upenyo wake, ambao kwa injini nyingi za zamani huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8.

Nyaya zishikizwe kwa vishikio vyake, mbali na mabomba ya moshi, zisikazwe wala zisilegee zikagusa feni. Zisifungwe pamoja kama kuni. Katika injini ya silinda 4 ambayo zamu yake ni 1-3-4-2, silinda ya 4 huifuata ya 3. Wakati wa cheche ya 3, silinda ya 4 imekwisha kujaa mchanganyiko lakini shinikizo lake bado ni dogo. Nyaya hizo mbili zikilala sambamba kwa urefu mkubwa, umeme wa mmoja huweza kuamsha cheche katika mwingine kabla ya wakati.

Ikiwa nyaya zote zimekwisha kutolewa na mpangilio umesahaulika, itafutwe silinda ya kwanza. Plagi yake itolewe, kidole kizibe tundu, na injini igeuzwe kwa mkono. Hewa inaposukuma kidole, pistoni inapanda katika mwendo wa kushindilia. Igeuzwe hadi alama za injini zikutane. Tundu la kifuniko linaloelekewa na rota ndilo la waya wa 1. Kisha zamu ifuatwe kwa kuelekea upande ambao rota huzungukia. Injini nyingi za silinda 6 zilizo katika mstari mmoja, kama zile za petroli za Land Cruiser za zamani, zina zamu ya 1-5-3-6-2-4. Upande wa mzunguko hutofautiana kati ya injini na injini, kwa hiyo rota itazamwe inapogeuka, isikisiwe.

KWA DARASA

Ohmita huonyesha kama moyo wa waya umekatika. Waya mzima wa kaboni wa nusu mita husoma omu elfu kadhaa, na waya wa shaba husoma karibu sifuri. Uchezeshwe wakati wa kupimwa, maana mkato mwingine hujificha. Lakini ohmita, yenye betri yake ya volti chache, haiwezi kusema lolote juu ya ganda. Ganda hujaribiwa na volti nyingi peke yake. Usiku, boneti ikiwa wazi na injini ikizunguka, fundi aliye na uzoefu husimama mbali bila kugusa kitu, akatafuta mng’ao wa buluu juu ya nyaya. Wanafunzi wasifanye jaribio hilo wenyewe, na waya usichomolewe kamwe injini ikiwa inawaka: mshtuko wake ni mkali, na cheche isiyo na njia huweza kuharibu koili.

Jaribio la salama ni hili. Juu ya karatasi uchorwe mstari mnene kwa kalamu ya risasi laini, urefu wa sentimita 10. Ukinzani upimwe kwa sentimita 5, kisha kwa sentimita 10. Wanafunzi waeleze kwa nini tarakimu hukaribia kuongezeka maradufu, na jambo hilo lina maana gani kwa waya mrefu wa kaboni.

Swali la pili ni la kufikiri. Fundi amepanga nyaya za injini yenye zamu ya 1-5-3-6-2-4, lakini amezipanga kinyume cha mzunguko wa rota. Ni silinda zipi zitakazopata cheche kwa wakati wake? Mwenye kuandika zamu zote mbili, moja chini ya nyingine, ataona kwamba ni ya 1 na ya 6 tu. Silinda nne zitakosa, ingawa kila waya ni mpya na kila plagi ni nzima.

Lori lile la Nandagala lilihitaji kitambaa kikavu, kifuniko kisafi na nyaya saba: sita za plagi na mmoja wa koili. Kabla ya kuihukumu injini nzima kuwa imechoka, ianze kuulizwa njia ambayo cheche yake hupita.